Uwanja wa Vita Unaouzwa kwa Tani

Musonoi, Kolwezi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya utalii, utamaduni na migodi, Jimbo la Lualaba, Kongo

Kuhusu: Ombi la kuwatembeza wageni uwanja wa vita kabla haujaisha

Wakubwa zetu,

Kiangazi kimeingia. Jua la Mei linawaka bila wingu, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani la mwembe, na mtu angedhani huu ndio msimu wa kuwaonyesha wageni mahali palipopiganwa Vita vya Kolwezi vya mwaka 1978. Wenzetu hawalali. Kule Waterloo, Ubelgiji, walirundika kilima kizima cha udongo ili simba wa chuma apate pa kusimama, na hadi leo watu wanalipa kukipanda. Sisi vilima vya udongo wa mgodini tunavyo vya kumwaga. Tumepungukiwa simba tu.

Kwa kuwa mna kazi nyingi za kusaini vibali, nimewaandalia ratiba ya ziara.

Kituo cha kwanza ni anga. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC wa Nathanaël Mbumba, walioitwa Tigre, waliingia mjini wakitokea Angola kwa njia ya Zambia. Chimbuko lao lilikuwa jandarmu wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ambaye ngome yake ya mwisho, Januari 1963, ilikuwa papa hapa Kolwezi. Tarehe 19 Mei wanajeshi wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi cha 2e REP cha Kanali Philippe Erulin, wakatuangukia kwa miavuli. Kesho yake wakaja makomando wa Ubelgiji. Mgeni atainua macho, ataambiwa: walishukia hapo. Anga ndiyo sehemu pekee ya uwanja huu ambayo haijapata kibali cha uchimbaji, kwa hiyo kiingilio kiwe bure mpaka sheria ya migodi irekebishwe.

Kituo cha pili ni mji wenyewe, na hapa mgeni atembee upesi. Kolwezi imekaa juu ya madini, na madini yakihitajika, mji ndio unaosogea. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu watu wa Kolwezi waliohamishwa kupisha migodi ya shaba na kobalti, wakiwemo wa mtaa wa Cité Gécamines. Basi mwongoza watalii asiahidi nyumba yoyote wala barabara yoyote kabla ya kuuliza asubuhi hiyo kama bado ipo. Akikuta uzio, aseme uzio nao ni wa kihistoria.

Kituo cha tatu kipo Amerika ya Kusini. Msishtuke. Wafaransa walipotengeneza filamu ya vita hivi, iliyotoka 1980, mwongozaji Raoul Coutard alikwenda kuipiga Guyana ya Kifaransa. Kumbe Vita vya Kolwezi vinaweza kupiganwa vizuri tu bila Kolwezi! Hapo ndipo nilipoelewa hekima yenu: mtu atunze uwanja wa nini, ikiwa dunia imeshaonyesha kwamba hauhitajiki?

Kituo cha nne ni hapa kwetu Musonoi, na hapa sina budi kuwasifu, maana penye madini kumbukumbu hutunzwa kweli. Katika mgodi huu wataalamu walikuta mawe ambayo hayakuwa yamejulikana popote duniani, wakayapa majina. Moja ni marthozite, kwa heshima ya Aimé Marthoz, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Jingine ni demesmaekerite, jina la mkuu wa jiolojia wa kampuni hiyohiyo. Jingine derriksite, jingine guilleminite. Mabwana hao hawatasahaulika: punje ya jiwe isiyojaa kucha inabeba jina la mtu, na jina hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya dunia.

Sasa mgeni, kwa kuwa wageni hawana adabu, atauliza majina ya waliouawa Mei ile. Raia wa kigeni walikufa zaidi ya 100, wakaliliwa na serikali zao, na waliosalia walipakiwa ndegeni. Wanajeshi wa Ufaransa waliokufa wanajulikana mmoja mmoja. Lakini mama wa Manika, hapa mjini, aliyepigwa risasi mlangoni pake? Kijana aliyeuawa na Tigre kwa kudhaniwa ni wa Rais Mobutu, au na askari wa Mobutu kwa kudhaniwa ni Tigre? Wakongo waliouawa wanasemwa kuwa mamia, na kila kitabu kina hesabu yake. Soko la dunia halikuwa na utata wa namna hiyo: vita vilipozuka, bei ya kobalti ilipaa, na kila senti iliyoongezeka iliandikwa.

Ombi letu basi ni dogo, wala halihitaji simba. Tuwekeeni ubao mmoja mahali ambapo hapatachimbwa, uandikwe majina ya Wakongo waliokufa Kolwezi mwaka 1978. Majina yakikosekana, andikeni idadi. Na idadi ikikosekana, andikeni tani zilizotoka chini yao tangu siku ile, maana tunajua hizo zimepimwa.

Wenu mtiifu,

Mkazi wa Musonoi