Jinsi ya Kuingiza Chemchemi Kwenye Bajeti

Mheshimiwa diwani, kabla ya kikao cha bajeti chukua ndoo ya lita 20, udamke nayo mpaka chemchemi ya kijijini kwako. Panga foleni pamoja na kina mama. Ukirudi nayo kichwani kwenye mwinuko ule, nusu ya somo imekuingia shingoni.

Nusu iliyobaki ni ya kalamu. Maji hayo yametoka mlimani bila pampu, bila dizeli, bila mshahara wa fundi. Andika chemchemi ikikauka halmashauri italipa nini: kuchimba kisima kirefu, mabomba, mafuta ya kila mwezi, vipuri. Jumla yake iweke kando ya mapato ya mkaa na mbao ya mlima huohuo. Daftari letu huutambua mti siku unapoangushwa, ushuru ukakatwa na stakabadhi ikatolewa. Miaka yote uliyosimama ukitunza maji, hauna hata mstari mmoja. Hilo linaniuma.

Usiogope kuitwa mzushi. Mei 2012, huko Gaborone, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 10 za Afrika zilizokubaliana kuingiza thamani ya maliasili katika hesabu za taifa. Na chini ya mradi wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ni uhai, wakulima wa wilaya za Karagwe na Kyerwa wamelipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti waliyoipanda. Mnunuzi wa ng'ambo ameshauona mti uliosimama. Sisi tunaokaa kivulini mwake tunangoja nini?

Mwenye kibanja muulize, hana haja ya semina. Anajua nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi, ndizo matandazo ya migomba na kahawa yake, na rweya ikiisha atazinunua.

Usisahau tope. Mvua ikikuta kilima cha Kyerwa kiko uchi, udongo huteremkia mto Kagera, unaozungusha mitambo ya umeme pale Murongo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Hiyo nayo ni gharama, iandike.

Siku ya kikao ingia na ndoo ikiwa imejaa, uiweke mezani. Mjumbe atakayetaka kifungu cha kutunza chanzo cha maji kifutwe, mkabidhi. Zamu ya kesho alfajiri ni yake.