Jinsi ya Kumwaga Zege Litakalopasuka Kabla Masika Hayajaisha

Hongera kwa uamuzi. Kijia cha kutoka getini hadi barazani, mita 10 kwa sentimita 60, ni kazi ambayo mtu asiye fundi anaiweza mwenyewe siku ya Jumamosi. Ukiufuata mwongozo huu bila kupunguza neno, kitakuwa vipande kabla masika hayajaisha.

Kwanza, usipime. Anayepima hugundua kwamba kijia hicho, kikiwa na unene wa sentimita 7.5, kinataka zege pungufu kidogo ya nusu mita ya ujazo, yaani mifuko 3 hivi ya saruji ya kilo 50. Wewe nunua 2. Zege likuishie jioni, duka limeshafungwa, umalizie kesho yake. Zege la leo halishikani na la jana, kwa hiyo ufa wa kwanza utakuwa umeshautengea mahali pake.

Nyasi usizing'oe, na ule udongo mweusi wa juu usiuondoe. Kuna watu huchimba, wakajaza kifusi au moramu, wakashindilia mpaka mikono inawaka moto. Watu hao hawajui raha. Mwaga juu ya nyasi hizo hizo. Zitaoza, udongo utatitia, na chini ya zege patabaki uwazi unaomsubiri mgeni mnene.

Mchanga nao usiuchunguze. Mchunguzi huchukua chupa isiyo na rangi, akaijaza mchanga hadi nusu, akaongeza maji, akatikisa na kuiacha itulie. Tope likikaa juu kwa tabaka nene, anaurudisha mchanga kwa mwenye lori. Ni wale wale wanaosoma karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa.

Sasa tufike penye utamu: maji. Karai 1 la saruji, 2 ya mchanga, 4 ya kokoto. Hilo hata mtoto wa saidia fundi analijua. Yageuzwe makavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yaingie. Mfuko mmoja wa saruji hutosheka na lita 25 hivi, ndoo kubwa moja na robo, na mchanga ukiwa mbichi hata hizo hupungua. Lakini zege la lita 25 ni zito, linabisha, chepe linakwama. Na kijia chako, kidogo unavyokiona, ni zaidi ya tani moja ya kugeuza kwa mikono. Ikifika saa sita, jua la Dar es Salaam likiwa utosini, ongeza ndoo. Utaona maajabu: chepe linateleza, zege linajitandaza lenyewe, na jirani anasema fundi umepatikana. Maji ya ziada hayatumiki na saruji. Yatatoka taratibu na kuacha vitundu visivyoonekana, na zege lenye vitundu hukwanguka kwa ufagio wa chelewa. Hata mafundi wa kulipwa huhongeka na chepe linaloteleza, sembuse wewe.

Mavazi: kandambili na kaptula, kisha piga magoti humo humo ukisawazisha. Saruji mbichi hula ngozi polepole, na moto wake huusikii mpaka usiku.

Usikate mistari. Zege husinyaa likikomaa, ndiyo maana waoga hulikatia mstari kila baada ya mita moja ili ufa ukifika ufuate humo. Lako liachie uhuru. Litapasuka kwa mchoro wake, tena wenye mbwembwe.

Hatimaye, baada ya ukarimu wote ule wa ndoo, geuka bahili. Zege lisionje tone tena. Waliozoea kazi hulifunika kwa magunia au nailoni na kulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, kwa sababu zege halikauki kama kanga kwenye kamba: saruji huendelea kuungana na maji na kuwa ngumu, na nguvu yake hupimwa ikishafika siku ya 28. Likikaukiwa mapema, kazi hiyo husimama njiani. Maji uliyoyazidisha Jumamosi mchana ndiyo lilikuwa likiyahitaji Jumanne. Wewe sema mtaani kuna mgawo, na keshokutwa ruhusu bodaboda aliyeleta gesi apite na pikipiki yake hadi mlangoni.

Siku utakapomwita fundi aje kurekebisha, atakizunguka kijia mara mbili, atakipiga kisigino, kisha atakwambia kubomoa kuna bei yake, kuzoa kifusi kuna bei yake, na kumwaga upya kuna bei yake. Usibishane naye. Zote tatu ni kazi kweli.