Namna ya Kupepeta Habari Kabla ya Kuila

Habari za siasa hufika jikoni zikiwa na pumba, chuya na changarawe. Anayebugia bila kupepeta huvunjika jino. Chukua ungo, kalamu, gazeti unalolipenda na jingine linalokukera, kisha ukae chini.

1. Toa jina, acha kitendo. Kata kila "gaidi", "kibaraka", "mhuni" na "mzalendo". Andika badala yake alichofanya mtu: alibeba bango, alirusha jiwe, aliua. Usipobaki na kitendo chochote, umeuziwa pumba.

2. Mtafute mtendaji. "Nyumba zimeungua" si "nyumba zimechomwa", na "zimechomwa" bado haijasema nani aliwasha kiberiti. Ukisoma kwamba vijana "wamepoteza maisha", uliza: maisha hupotea kama ufunguo? Nani alifyatua risasi?

3. Onja vitenzi vya kusema. Waziri "ameeleza", mpinzani "amedai". Wape wote "amesema", halafu usome upya. Utashangaa jinsi mizani inavyorudi sawa.

4. Geuza ungo. Kitendo hichohicho kingefanywa na mtu wa upande wako, ungekiitaje? Nyani haoni kundule. Hatua hii ndiyo inayouma, kwa maana mara nyingine gazeti unalolishutumu kwa upendeleo limekataa tu kukupendelea wewe.

5. Wape majina muda, uone yanavyogeuka. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari nchini Kenya mwaka 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliitwa magaidi, na Waafrika waliosimama na serikali ya kikoloni wakaitwa "waaminifu". Wapiganaji wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini marufuku waliyopigwa mwaka 1950 haikuondolewa hadi 2003. Mwaka 2007 sanamu ya kiongozi wao Dedan Kimathi, aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1957, ilizinduliwa Nairobi. Mwaka 2013 Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Sasa kwa kuwa wanaitwa mashujaa, pepeta hata ushujaa huo. Pale Lari, nchini humohumo Kenya, Machi 1953, wapiganaji hao waliwaua raia, wanawake na watoto wakiwamo. Kisha watu wa upande wa serikali wakaua kwa kulipiza kisasi. Neno "magaidi" lilitumika kufunika mateso ya kambi za kizuizini za wakoloni, na neno "mashujaa" lisitumike kuifunika Lari.

Majina ya watu wale yamegeuka kabisa ndani ya umri wa mtu mmoja. Walioteswa bado waliteswa, na waliouawa bado waliuawa. Hizo ndizo punje zinazobaki kwenye ungo. Wape wanao hizo wale, na pumba uwaachie kuku.