Kambo Hana Ukurasa

Kijana wetu wa antropolojia amerudi Malemba-Nkulu, Kongo, likizo na orodha ya vitabu vya rejea, apate kuwajua Waluba. Waluba wenyewe walikuwa wamemzunguka, wakimega bukari kwa samaki wa Lualaba, ila kwenye orodha hawamo.

Orodha ni nzito. Padri Colle, juzuu mbili, 1913. Verhulpen, 1936. Burton, mmisionari wa Mwanza (yetu, si ile ya Tanzania), aliyechapiwa Tervuren, Ubelgiji, 1961. Na Padri Tempels, aliyefichua mwaka 1945 kwamba Mbantu ana falsafa. Wazee wetu bado wanatafuta nafasi ya kumshukuru.

Kambo, yaani babu yake, akaeleza mahari inavyogawanywa. Kijana, kalamu mkononi, akauliza: "Kambo, hiyo ni ukurasa wa ngapi?"

Na Waluba walikuwa na kitabu chao cha rejea! Lukasa: kibao cha kushika mkononi, kimepambwa shanga na makombe, ambacho mjuzi wa chama cha Mbudye alikisoma kwa ncha ya kidole, akitaja wafalme na safari zao. Faharasa ilikuwa kichwani mwake, na kichwa hakiazimishwi. Leo vibao kadhaa vimefungiwa kwenye makabati ya vioo Ulaya na Marekani. Kitabu cha kusomwa kwa vidole, marufuku kuguswa.

Mwishowe kijana akamwahidi Kambo atamtaja kwenye tanbihi.

"Tanbihi inakaa wapi?"

"Chini kabisa, Kambo, kwa herufi ndogo."

Kambo akalivuta bakuli la samaki upande wake.