Friji au Feni?

Kesi ya Shangazi na mdogo wangu wa kike ilianza kwa sauti ya chini. Bibi harusi alishahamia kwa mumewe Korogwe, na maziwa anayahifadhi kwa jirani. Siku moja akampigia Mama: "Hivi friji la Shangazi limefikia wapi?" Mama akaulizia kwa upole. Shangazi akaruka kimanga. "Friji? Mimi niliahidi feni! Tena pangaboi, si ile ya mezani."

Ushahidi wa kwanza ulikuwa daftari la kamati. Katibu, ambaye usiku wa sendofu alikuwa anaandika kwa mkono mmoja na kula sambusa kwa mkono wa pili, alikuwa ameandika: "Shangazi: F, 1." Alipoulizwa akasema wakati anaandika alikuwa anaelewa.

Ushahidi wa pili ulikuwa video ya mpiga picha wa kukodi. Shangazi anaonekana kashika maiki, dera linameta, midomo inacheza, lakini kinachosikika ni bongo fleva mwanzo mwisho. Fundi alifuta maneno ya wazee wote akapachika muziki, eti hotuba zinaboa.

Ndipo mtu akakumbuka laivu. Binamu yetu aliirusha sherehe nzima kwenye Facebook kwa ajili ya ndugu walio Muskati na Minneapolis. "Si iko mtandaoni?" kila mmoja alisema, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyeihifadhi. Mama alijua anayo binamu, binamu alijua iko salama ukurasani, na ndugu wa Muskati walijua tunayo sisi wenye shughuli. Mali ya wote ilikuwa haina mlinzi.

Binamu alipofungua ukurasa, uso ukambadilika. Matangazo mubashara yaliyorushwa Facebook kuanzia tarehe 19 Februari 2025 hukaa siku 30, kisha hufutwa. Ya nyuma ya hapo yaliwekwa kwenye foleni ya kufutwa, wenyewe wakipewa taarifa na siku 90 za kuyapakua. La kwetu lilikuwa la juzijuzi, na siku zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. "Mngerusha YouTube," dada wa Muskati akaandika kwenye grupu la ukoo. "Kule tangazo lisilozidi saa 12 linabaki lenyewe kwenye chaneli." Ushauri mzuri, ila pilau lilishaliwa.

Kamati ikaitishwa upya, safari hii kuchangia bando. Binamu akapiga hesabu mbele ya wajumbe: picha inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hula gigabaiti 1.35 kwa saa, na sherehe yetu ilikwenda saa nne na ushee. Faili lingekaribia gigabaiti 6. Baba mdogo akasimama akajipiga kifua. "Ukweli lazima ujulikane! Laptopu yangu ni laptopu ya ukoo."

Faili likashuka usiku kucha. Asubuhi Mama akaleta flashi yake ili tukaangalie kwenye televisheni, laptopu ikagoma: faili kubwa mno.

"Hii flashi ni ya gigabaiti 32," Mama akasema, "na haijajaa hata robo."

"Nafasi ipo, Mama mkubwa," binamu akajibu, "ila imepangwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Tuifomati iwe exFAT."

"Kufomati ndiyo nini?"

"Kufuta vyote vilivyomo."

Mama akaifunga flashi kwenye pindo la khanga. Humo mlikuwa na mawaidha ya marehemu Babu. Ikabidi mawaidha yahamishiwe kwanza kwenye laptopu, Bibi ayasikilize yote aridhike kwamba hakuna lililopungua, ndipo flashi ikatolewa pindoni.

Jioni sebule ikafurika. Bibi harusi alikuwa kwenye simu, kaegeshwa juu ya stuli kama shahidi mlemavu wa miguu. Tatizo jipya likazuka: Shangazi alisema saa ngapi? Hakuna aliyejua pa kuanzia katika saa nne zile. Bibi ndiye aliyetoa dira. "Ni kabla ya pilau, yule mzee wa Muheza akiwa keshasinzia." Binamu akasogeza mbele, mbele, hadi kichwa cha mzee kikamwangukia jirani yake begani. Akarudisha nyuma kidogo. Kuanzia hapo akashika kalamu, akawa anaandika dakika: keki hapa, dua ya Bibi hapa, mama mkwe kuanguka akicheza hapa. Orodha ilipopata mistari michache tu, maombi yakaanza. Bibi akataka kipande cha dua yake, na wifi mmoja akataka cha mama mkwe, cha kuweka status.

"Nyamazeni!" Shangazi ameshika maiki.

"Mwanangu, Korogwe kuna joto. Mimi shangazi yako nitakuletea kitu cha kukupoza!"

Vigelegele, ngoma, mshereheshaji akaruka juu. Friji halikutajwa. Feni haikutajwa. Tukarudia tena.

"Feni inapoza," Shangazi akasema.

"Friji linapoza," simu ikajibu.

"Ndiyo maana niliandika F," akasema katibu.

Katika kicheko kile binamu akasahau kusimamisha video. Aliyefuata kwenye maiki alikuwa Baba mdogo. "Kitanda cha mninga, sita kwa sita, na godoro lake!"

Sebule yote ikageuza shingo.

"Kitanda gani?" simu ikauliza.

Bibi akatoa hukumu ya mwisho. Nakala zitakuwa tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski kabatini kwa Shangazi, na moja Muskati, maana moto na mwizi havichagui nyumba. Kila nakala iwe na mwenyewe wa kuulizwa. Shangazi akapokea diski kwa mikono miwili. Baba mdogo akakohoa, akasema laptopu yake siku hizi imejaa sana, huenda ingefaa faili lile lifutwe.

Nakala ya Muskati ilishatumwa.