Mashine ya Kuishi Kadutu

Mtu anayeoka mikate na keki nyumbani Kadutu, mjini Bukavu, hachagui mashine ya kukandia unga peke yake. Anachagua pamoja na umeme, majirani na ukoo mzima wa mume, na kila mmoja wao ana namna yake ya kuiua.

Dukani Nyawera muuzaji huanza na wati. "Mama, hii ni wati elfu moja na mia tano!" Namsikiliza kwa heshima, ila wati ni hesabu ya umeme ambao mashine inakula, si kazi inayofanya. Nina shemeji wa namna hiyo. Mimi naishika na kuinyanyua. Ikikubali kwa mkono mmoja, naiacha palepale: gia zake ni za plastiki, na unga mgumu wa mkate utazing'oa meno kabla ya Krismasi. Ikigoma kunyanyuka, tunaanza habari ya bei. Hapo muuzaji naye huinua dola zangu kwenye mwanga. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha haitaki kabisa, lakini bakuli lenye ufa ananihakikishia kwamba limetoka Ulaya hivyo hivyo.

Tena nzito haitembei. Nyepesi niliyokuwa nayo zamani ilikanda huku inasafiri mezani. Niligeuka kuchukua chumvi, nikasikia kishindo. Niliikuta sakafuni kichwa chini, ndoano bado inazunguka, inakanda kandambili ya mtoto.

Halafu kuna umeme wenyewe. Mabwawa ya Ruzizi yako hapa mlangoni, maji yanapotoka ziwa Kivu kwenda Tanganyika. La pili, la mwaka 1989, tunalitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Ujirani huo haujatusaidia sana. Umeme huja usiku, tena umechoka, taa ina rangi ya chungwa. Mota ikipata umeme pungufu hujikaza, hupata moto, huanza kunuka. Kwa hiyo bei ya mashine ijumlishwe na ya stabilaiza. Mashine ya Marekani, ya volti 120, ikichomekwa kwenye 220 zetu huishi muda wa kusema amina.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, nani hukumbuka swichi? Siku moja ulirudi saa nane usiku, mashine ikaamka kwa kasi ya mwisho, bakuli limejaa unga. Mume wangu alitoka na panga kumkabili mwizi, akarudi mweupe kuanzia nyusi hadi magoti. Zipo mashine ambazo haziwaki tena mpaka urudishe swichi kwenye sifuri. Siku hizi yeye ndiye huuliza jambo hilo dukani, kabla hata ya salamu.

Linabaki suala la ukoo. Shangazi wa mume wangu alituma vijana. "Mke wetu, tunaazima ile mashine, kuna harusi." Niliwaonyesha. Waliitazama, wakatazama mteremko wa Kadutu, mvua, matope, na zile kilo kumi na ushee za chuma. Wakaaga kwa adabu.

Nikajisifu kwamba uzito ndio kufuli bora. Jioni shangazi akabisha hodi mwenyewe, ana gunia la unga, trei za mayai na kitenge cha kulalia. "Umeme wenu huja saa ngapi, mwanangu?"