Mwamuzi Kwenye Sauti ya Kwanza

Wimbo wa jubilei ya parokia ulikuwa Doh G, mwendo wa wastani, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameuhangaikia kwenye kompyuta kwa majuma kadhaa. Jioni moja ya mazoezi, mjini Morogoro, aliunganisha laptopu na spika za kanisa ili wanakwaya wausikie kabla ya kugawiwa karatasi. Matarumbeta ya utangulizi yalilia sawasawa. Zamu ya soprano ilipofika, hakuna aliyeimba. Iligongwa kengele ya chuma, kitu kikachakacha, kisha ikapulizwa filimbi: fupi, fupi, ndefu.

"Mwalimu," akauliza mama mmoja kutoka benchi la alto, "nani kacheza rafu?"

Kompyuta ilikuwa inafuata sheria tu. Mfumo wa MIDI, uliotoka mwaka 1983 ili vinanda vya makampuni tofauti viweze kusemezana, una chaneli 16. Mwaka 1991 ukaja mpangilio wa General MIDI, ukaitenga chaneli ya 10 kwa ajili ya ngoma na vyombo vya kugonga, na humo kila nota ina chombo chake. Kwa wimbo wa Doh G, do ya soprano ni nota namba 67, ambayo ni kengele ya agogo. Re ni 69, kabasa ya kuchakacha. Mi ni 71, filimbi fupi. Fa ni 72, filimbi ndefu. Mtunzi anayependa kupanda do, re, mi, fa atakuwa ameandika mechi nzima bila kujua.

Programu nyingi za kuandikia nota siku hizi huikwepa chaneli hiyo zenyewe. Lakini mwalimu huyu hakuiachia mashine kazi ya kupanga. Alikuwa na mistari tisa ya bendi ya matarumbeta juu ya karatasi, akaipa chaneli kwa mkono, ya kwanza hadi ya tisa, kisha soprano akamkalisha kwenye ya kumi.

Kosa hilo lilirekebishwa upesi. Lililofuata lilikuwa la hesabu. Katika orodha ya General MIDI yenye sauti 128, kwaya inayoimba "aaa" ni namba 53, inayoimba "uuu" ni 54, sauti ya binadamu iliyotengenezwa kwa mashine ni 55, na namba 56 ni kishindo cha okestra nzima kwa pigo moja. Hiyo ni hesabu ya wanaoanza na 1. Ndani ya waya namba huanzia 0, na zipo programu na vinanda vinavyoionyesha hivyo hivyo. Mwalimu alitaka ile ya 55, akaandika 55 mahali panapohesabu kuanzia 0. Wimbo wa toba ukapigwa wote kwa vishindo, kila silabi na kishindo chake, hadi mwanawe akaja mbio sebuleni akidhani filamu ya mapigano imeanza bila yeye.

Kwa mwenye Windows, sauti hizo zote hutoka kwenye faili moja lenye megabaiti 3 na ushee, lililojaa sauti za kampuni ya Roland ya Japani. Violini, tarumbeta, kwaya, hata helikopta, ambayo ni namba 126, vimebanana humo. Kwaya yake haipumui, haina herufi nyingine isipokuwa "a" na "u", na haijawahi kuomba nauli. Nyimbo nyingi za kwaya za Tanzania zimejaribiwa kwa sauti hizo. Atembeleaye tovuti ya Swahili Music Notes, wanakopakia watunzi wa nyimbo za Kikatoliki, mara nyingi hukuta nota pamoja na faili la MIDI, na akilifungua kwenye kompyuta ya kawaida atapokewa na "aaa" ileile.

Mwalimu angeweza kubaki hapo. Bahati mbaya mtunzi mwenzake wa Dar es Salaam alimsikilizisha kwaya ya sampuli.

Hizi ni kwaya za watu halisi. Makampuni kama EastWest ya Marekani na Spitfire Audio ya Uingereza yamewaweka waimbaji ukumbini, yakarekodi nota moja moja kwa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Kwaya ya Spitfire ya mwaka 2018 ilifanywa na mtunzi Eric Whitacre, yuleyule ambaye mwaka 2010 aliunganisha video za waimbaji 185 kutoka nchi 12 wakaimba wimbo mmoja bila kukutana. Ukisikia mwangwi wa ukumbi nyuma ya sauti hizo, ile "aaa" ya megabaiti 3 inakuwa aibu. Tatizo ni kwamba mwangwi una uzito. Kwaya moja huchukua gigabaiti kadhaa, nyingine makumi ya gigabaiti, na bando la usiku lina saa ya kwisha.

Kwa hiyo kwaya ilisafiri kwa flashi, pamoja na abiria wa basi. Fundi wa steshenari, kijana mpole anayechapa nota za parokia, alijaribu kunakili faili la gigabaiti 6 kwenye flashi ya gigabaiti 32 iliyo karibu tupu. Kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno.

"Shikamoo mwalimu, flashi yako imekufa."

"Marahaba. Imekufaje na ni mpya?"

Haikufa. Flashi nyingi za ukubwa huo huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili linalofikia gigabaiti 4, hata kama nafasi imebaki ya kumwaga. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo. Hapa kijana alikumbuka neno "baada" akiwa ameshabonyeza. Picha za kipaimara zikaenda, kwaya ikaingia.

Ilipofika nyumbani ikaonekana imekuja nusu. Kwaya ya sampuli ina sehemu mbili: plagini, yaani ile programu ndogo inayopokea nota, na folda ya sauti zenyewe. Plagini hukumbuka mahali sauti zilipowekwa mara ya kwanza, zikihamishwa huzitafuta kule kule. Mwalimu aliburuta plagini kuipeleka kwenye diski ya C, sauti akaziacha D, kisha akabadili jina la folda kutoka Kiingereza kuwa "Kwaya Mpya Usiguse". Dirisha likafunguka likiorodhesha sampuli zisizoonekana, mamia kwa mamia, soprano wote, alto wote. Mahudhurio mabaya kuliko ya Jumamosi yoyote ya masika.

Plagini zenyewe nazo zina ukoo. Mfumo wa VST ulibuniwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996, na VST3 ikatoka mwaka 2008. MuseScore 4, programu ya bure ya kuandikia nota iliyotolewa Desemba 2022, inapokea VST3 peke yake. Ukiipa ya zamani haisemi lolote. Haigombi, haionyi, plagini haimo tu kwenye orodha. Vivyo hivyo ukichukua plagini ya biti 32 ukaipeleka kwenye programu ya biti 64. Mtu hufuta, huweka upya, huzima na kuwasha, huomba novena, kumbe angeangalia mambo mawili: ni VST3, na imekaa kwenye folda ya pamoja ya VST3 ndani ya Common Files? Malalamiko mengi ya "kwaya haionekani" huishia hapo, na aliyeyatunga maelekezo ya ufungaji aliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza, ule ambao hausomwi na mtu.

MuseScore ina kwaya yake pia, ndani ya Muse Sounds, inayopakuliwa kwa programu nyingine iitwayo Muse Hub. Mwalimu aliipakua, akafungua wimbo wake wa zamani, akasikia sauti ileile ya jana. Akaapa kwamba hakuna tofauti, kwamba watu wa mitandao wanatiana moyo. Wimbo wa zamani ulikuwa bado umefungwa kwenye sauti za msingi. Ilibidi aingie kwenye mipangilio ya uchezaji achague Muse Sounds kwa wimbo huo. Alipofanya hivyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita mama watoto aje asikie alto.

Kontakt, programu ya Native Instruments ya kuchezea sampuli, ilimpa somo la saa. Kuna Kontakt ya kulipia na kuna Kontakt Player ya bure, na kwaya iliyotengenezwa kwa ajili ya ile ya kulipia ikifunguliwa kwenye ya bure huimba kwa dakika 15 halafu hunyamaza. Imeandikwa wazi, wala si siri. Lakini mwalimu alidhani ni joto la kompyuta. Akanunua feni ndogo. Kwaya ikanyamaza katikati ya Utukufu, feni ikiendelea kuvuma. Akahamishia laptopu kwenye sakafu ya saruji, ikanyamaza kwenye Nasadiki.

Yapo makosa ambayo fundi wa kompyuta hawezi kuyaona kwa sababu ni ya nota. Teno huandikwa kwa ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini yake, ishara kwamba sauti ishuke oktava moja. Bila ile 8, teno anapelekwa oktava nzima juu, huko hakurekodiwa kitu, na plagini inanyamaza. Teno wa sampuli wana adabu kuliko wa parokia: wasipofika juu hawapigi kelele. Besi nao walipata ajali yao. Kwaya nyingi za sampuli huweka chini kabisa ya kinanda, pasipofikiwa na mwimbaji, nota za kubadilishia namna ya kuimba. Mwalimu alinakili mkono wa kushoto wa kinanda akaubandika kwenye besi, nota mbili zikaangukia huko, na kuanzia mstari wa pili besi wakaimba kwa kukatakata hadi Amina.

Kuna pia kwaya ambazo nguvu ya sauti yake huongozwa na gurudumu dogo lililo pembeni ya kinanda. Asiye na kinanda, anayeandika kwa kipanya, anaweza kuweka alama ya kuimba kwa nguvu kila mahali na kwaya ikabaki inanong'ona, kwa kuwa gurudumu linasoma sifuri. Mwalimu alipandisha spika badala yake. Simu ilipoita kupitia spika hizohizo, kuku wa jirani walihama.

Maneno ndiyo yaliyomshinda kabisa. EastWest wana kifaa kiitwacho WordBuilder, kinachoifanya kwaya itamke. Unaweza kuandika Kiingereza cha kawaida, alama za matamshi, au alfabeti yake maalumu iitwayo Votox. Kiswahili hakimo, ingawa ni lugha ambayo kwaya yoyote ingeipenda: irabu tano safi, karibu kila silabi ikiishia kwenye irabu. Ukitaka "Bwana" uipange kwa vipande vya sauti, kimoja kimoja, kwa sauti nne, kwa mashairi matano. Mwalimu alipiga hesabu ya jioni zitakazohitajika, akakumbuka kwamba anao watu arobaini wanaotamka Bwana bure kila Jumapili.

Halafu Agosti 2024 ikaja habari kwamba Finale, programu aliyojifunzia, haitaendelezwa tena baada ya miaka 35. MakeMusic, kampuni yenye Finale, ilitangaza pia kwamba baada ya mwaka mmoja haitawezekana kuisajili kwenye kompyuta mpya, watu wakapiga kelele, na siku iliyofuata sharti hilo likaondolewa. Watumiaji walielekezwa Dorico, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa kazi ya timu iliyowahi kutengeneza Sibelius. Kuhama si kugumu kama kunavyosimuliwa, ilimradi nyimbo zihifadhiwe kama MusicXML, inayosomwa na programu nyingine za nota, wakati programu ya zamani ingali inafunguka. Mwalimu alizihifadhi kama PDF, zote, kwa uangalifu mkubwa. Sasa anaziandika upya, na katika kuandika upya amekuta makosa ya alto yaliyoimbwa tangu 2011.

Kwaya ya sampuli hatimaye ilikubali kuimba. Ilikuwa nzuri, na haikufaa kufundishia hata kidogo. Sauti zilizorekodiwa kwa upole hupanda taratibu, kwa hiyo kwenye silabi za haraka zinachelewa, na mwangwi ule mtamu unaficha nota iliyokosewa. Sauti ya klarineti, kavu na yenye mwanzo ulio wazi, hailindi uongo wa mtunzi. Mwalimu akaandaa rekodi nne za kundi la WhatsApp, kila moja ikiwa na sauti ya wahusika juu na wengine kwa mbali. Soprano, alto na teno wakapewa klarineti. Besi, kwa kuwa klarineti haishuki hadi kwao, wakapewa sauti laini ya kinanda.

Wakalalamika hawasikii kitu. Spika ya simu ni ndogo mno kwa mitetemo ya chini kiasi hicho, hasa sauti ikiwa laini. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa mjuzi wa kutatua, akapandisha mstari wa besi oktava moja kwa ajili ya simu tu, na maelezo akaacha ya kusema mazoezini. Jumamosi besi walifika mapema wakiwa wameushika wimbo vizuri kuliko wote. Waliuimba kama walivyousikia, oktava nzima juu, mishipa ya shingo imewatoka, mzee wa kundi akiwa ameshika nguzo, na teno wakageuka kuuliza wao sasa waende wapi.